Je, Wajua? Wenye Maduka wa Reli ya Tabora na Machimbo ya Geita

Je, wajua kwamba mtu aliyekabidhiwa unga wa taifa zima baada ya Azimio la Arusha alikulia dukani Bukene? Bukene ni stesheni ndogo wilayani Nzega, kwenye reli ya Tabora kwenda Mwanza. Ukiipita unaikuta Isaka, kisha Shinyanga. Hapo ndipo Keshavji Chande, mtu wa Gujarat huko India, alipoanza biashara katika miaka ya 1920. Mwanawe Jayantilal, ambaye wengi walimjua kwa jina la Andy, alizaliwa Mombasa mwaka 1928 na kulelewa Bukene.

Mwaka huohuo wa 1928 treni ilifika Mwanza kwa mara ya kwanza. Kwa mwenye duka wa bara hilo lilikuwa jambo kubwa. Kabla ya reli, magora mengi ya vitambaa yalifika mabegani mwa wapagazi, na magunia mengi ya karanga yaliyotoka yalibebwa vivyo hivyo. Treni ilipoanza kusimama, mzigo mkubwa wa bei ndogo, kama mpunga na karanga, ukaanza kulipa nauli yake. Miji midogo ikasimama au ikaanguka kwa kufuata stesheni.

Je, wajua duka la zama hizo liliuza nini? Vitambaa vya kaniki na merikani kwanza. Kisha chumvi, kiberiti, mafuta ya taa, sabuni ya mche, sukari, majembe, shanga, sufuria. Chumvi na mchele vilipimwa kwa kibaba, kitambaa kwa mkono au kwa yadi. Barazani aliketi fundi na cherehani yake: ukinunua kitambaa ndani, unashonewa nje, unaondoka umevaa.

Familia iliishi nyuma ya duka. Mlango wa kati ndio uliotenganisha jiko na kaunta, na mara nyingi haukufungwa mchana kutwa. Mume akienda vijijini kununua mazao, mke ndiye aliyeuza, aliyehesabu, na aliyekumbuka nani anadaiwa nini. Watoto walijifunza kujumlisha kwa kurudisha chenji, na Kisukuma au Kinyamwezi walikipata kwa wateja kabla hawajakanyaga darasa. Mpwa aliyeletwa kutoka Kachchh au Kathiawar, huko Gujarat, alifanya kazi miaka kadhaa kwa malazi, chakula na ujira mdogo, kisha akasaidiwa mtaji wa kwenda kufungua duka lake kwenye stesheni inayofuata. Wake wa wenye maduka hawakuandikwa kwenye leseni wala kwenye kibao cha mlangoni, na naona hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika historia ya biashara ya bara.

Je, wajua kwamba Wahindi walikuwa Unyamwezi kabla Mzungu yeyote hajaliona Ziwa Victoria? Musa Mzuri, Mhindi wa jamii ya Khoja aliyefanya biashara ya misafara, alikuwa mwenyeji mashuhuri Kazeh, karibu na Tabora ya leo. Mpelelezi Mwingereza Speke alimkuta huko alipokuwa njiani kwenda Uganda, na Musa akafariki mwaka 1861.

Na kabla ya Musa? Warongo, wahunzi wa nchi ya Uzinza na Geita, walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa mbali. Jembe lilikuwa la kulimia, na pia lilikuwa mahari. Biashara Usukumani haikuletwa na meli.

Je, wajua kwamba Allidina Visram, aliyekuja kuwa mwenye maduka mengi kuliko wote katika Afrika Mashariki ya zama zake, alishuka Bagamoyo mwaka 1863 akiwa mtoto wa miaka 12 hivi? Alianzia kwa tajiri Sewa Haji Paroo, kisha akapanda matawi kwenye njia ya misafara hadi Ujiji na Uganda. Alifariki mwaka 1916. Shule ya Mombasa yenye jina lake ilijengwa na mwanawe, Abdulrasul.

Je, wajua kwamba mwenye duka aliyefungua mlango chini ya Mjerumani na kuendelea chini ya Mwingereza alibadilishiwa fedha mara mbili ndani ya miaka michache? Aliuza kwa rupia ya Kijerumani na heller zake, ikaja florini mwaka 1920, na punde ikafuata shilingi ya Afrika Mashariki. Katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1916, Wajerumani walikuwa wamefyatua mjini Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Dhahabu ilitoka Sekenke, upande wa Singida.

Sasa nikae kidogo kwenye jambo ambalo wachache hulitaja.

Je, wajua kwamba mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa Waafrika? Mfanyabiashara asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika, hakuweza kwenda mahakamani kudai mpaka awe na kibali cha maandishi cha ofisa wa serikali. Ilielezwa kwamba lengo ni kumkinga mkulima asizame kwenye madeni. Ukiitazama kutoka kijijini, picha ni nyingine. Msukuma mwenye nia ya kufungua duka hakuwa na mtaji wala benki ya kumsikiliza, na njia pekee iliyobaki ilikuwa kuchukua mali ya jumla kwa mkopo kutoka kwa Mhindi, auze, alipe. Ndivyo Mhindi mwenyewe alivyoanza: alikopeshwa na ndugu yake au na tajiri wa pwani. Mwafrika akafungiwa njia ileile. Mkopo haukukoma, maana watu waliojuana waliendelea kuaminiana kwa mdomo na daftari, lakini mkopo wa kijungujiko haujengi duka. Miaka mingi baadaye watu waliuliza kwa nini barabara kuu ya kila mji mdogo ilijaa majina ya Kihindi na Kiarabu, wakajibiwa kwamba Mwafrika hana moyo wa biashara. Jibu hilo lilikuwa uongo, na sheria ya 1923 ni ushahidi mmojawapo.

Mwaka huohuo wenye maduka wa Kihindi nao walifunga milango nchi nzima kwa zaidi ya mwezi mmoja. Walipinga kodi mpya ya faida, na amri ya kuandika hesabu zao kwa Kiingereza au Kiswahili, wakati vitabu vyao vyote vilikuwa kwa Kigujarati. Kodi ile ilikuja kufutwa.

Je, wajua kwamba ushirika mkubwa wa pamba wa Kanda ya Ziwa una mizizi kwenye chama cha wenye maduka? Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake, nguo na bidhaa nyingine ziligawiwa kwa mgao, na wenye maduka wa Kiafrika wakaona mgao unawapita. Wakaunda chama chao cha ushirika Mwanza. Mwaka 1947 katibu wake alikuwa kijana Paul Bomani, mtoto wa mchungaji wa Kisabato, aliyekuwa ametoka kufanya kazi ya ukarani kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga.

Kutoka dukani Bomani akaingia kwenye mizani. Wakulima wa pamba walilalamika kwamba wanapunjwa uzito kwenye vituo vya kununulia, na vyama vya wakulima vikaanza kuweka wapima wao wenyewe. Mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 pamba ya Usukumani ilikuwa ikinunuliwa kupitia ushirika. Hapa sitaki kumpaka mafuta mwenye duka aliyenunua pamba. Wapo waliochezea mizani, na mkulima alijua.

Bomani akawa Waziri wa Fedha mwaka 1962. Aliyempokea mwaka 1965 ni Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza, wa ukoo wa Kihindi. Hazina ya nchi ilipita kutoka mkono mmoja wa Kanda ya Ziwa hadi mwingine.

  

Turudi kwa watu wa Bukene. Biashara ya kina Chande ilikua kutoka kununua mazao hadi kuyasaga, na Chande Industries ikawa miongoni mwa kampuni kubwa za usagishaji nchini. Mwaka 1955 Andy alimwoa Jayli Madhvani, binti wa Muljibhai Madhvani wa Kakira, Uganda, tajiri wa sukari ambaye naye alianzia kwenye duka dogo la jamaa zake Busoga. Februari 1967 serikali ilitaifisha vinu. Wengi wangefunga mizigo. Andy Chande alibaki, akaendesha Shirika la Taifa la Usagishaji lililomeza kampuni ya familia yake, na baadaye akaongoza bodi za mashirika mengine ya umma. Mwaka 2005 alichapisha kumbukumbu za maisha yake, na Bukene imo hadi kwenye jina la kitabu. Alifariki Aprili 2017. Mtu aliyenyang'anywa mali kisha akaitumikia serikali iliyomnyang'anya anastahili heshima zaidi ya ile tuliyompa.

Je, wajua kwamba wenye maduka wadogo walipigwa mawimbi mengine matatu? Mwaka 1971 nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilitwaliwa na serikali. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka binafsi vijijini yafungwe, ya ushirika yachukue nafasi. Sukari na sabuni zikaadimika, na operesheni ikasimamishwa upesi. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Familia nyingi ziliondoka katika miaka hiyo, zikaelekea Dar es Salaam, Uingereza, Kanada. Kwa familia za wenye maduka wa Kiarabu wenye asili ya Omani, mlango ulikuwa umefunguka mwaka 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani warudi kwao. Ndiyo maana hadi leo Muscat utakutana na wazee waliozaliwa bara la Tanzania wanaozungumza Kiswahili safi.

Je, wajua kwamba mgodi wa Geita ulifanya kazi tangu 1936 hadi 1966, ukafungwa, na mgodi mpya ukafunguliwa mwaka 2000? Mkoa wa Geita wenyewe ni wa mwaka 2012. Katikati ya migodi hiyo miwili wachimbaji wadogo waliendelea, na kila palipochimbwa duara, yaani shimo la dhahabu, palifuata duka la makuti au la mabati. Nyarugusu, Rwamgasa na Katoro zinajua habari hiyo. Mwenye duka wa machimboni hutoa unga, maharage, betri za tochi na dawa za maumivu kwa mkopo, akingoja mwamba uonyeshe dhahabu. Mwamba ukikauka, deni linakauka nalo. Hatari anayoibeba ni kubwa kuliko ya mwenye duka wa pamba, maana pamba ilikuwa na msimu unaojulikana.

Na wenye maduka hao leo ni Wasukuma, Waha, Wahaya, Wachaga, wake kwa waume. Mama mwenye duka Katoro leseni yake ina jina lake mwenyewe.

Msomaji, kama wewe ni wa Shinyanga, Kahama, Nzega au Geita, na nyumbani kwenu limebaki daftari la mikopo, leseni ya zamani au picha ya familia mbele ya kaunta, usiiachie mchwa. Kaa na mzee aliye hai, muulize nani yumo kwenye picha, hasa wanawake, na uandike majina yao nyuma yake kwa kalamu.