Sauti ya Mzungu Katika Telefone

Kuko filimu moja ya Marekani ya mwaka 2018 inaitwa Sorry to Bother You, ni kusema "Unisamehe kukusumbua". Aliyeiandika na kuiongoza ni Boots Riley, mwimbaji wa rap wa mji wa Oakland, California. Yeye mwenyewe zamani aliuzisha vitu kwa telefone, na ile kazi ndiyo anaicheka.

Kijana mweusi, Cassius Green, analala katika garaji ya mjomba wake, na deni ya nyumba inamushinda. Anakwenda kuomba kazi na kikombe cha ushindi cha uongo mkononi. Mukubwa wa biro anatambua mara moja ule uongo, lakini anamuandika: mtu anayejua kusoma na kudanganya vile, anamufaa! Mwanzoni Cassius hauzishi kitu. Akipiga telefone, meza yake inaanguka pamoja naye mpaka ndani ya nyumba ya mteja, watu wako wanakula ao wanalia. Ndipo mzee mmoja wa kazi (Danny Glover ndiye anamucheza) anamushauri: sema na sauti ya mzungu. Si kusemea puani tu. Ni sauti ya mtu asiye na deni, asiyeogopa kufukuzwa. Cassius anafungua kinywa, sauti ya mtu mwingine inatoka, na feza inaanza kuingia.

Wenzake wanafanya mugomo juu ya mshahara. Yeye anapandishwa na asansere ya rangi ya zahabu mpaka ghorofa ya juu, kule wanauza silaha na nguvu za watu. Kuko sosiete ingine, WorryFree: ukitia sahihi unapata kitanda na chakula mpaka kufa, mshahara hapana. Sisi watoto wa kambi, ambao wazee wetu walipata nyumba na posho ya Union Minière, tutacheka, lakini si sana. Wale wazee walau mshahara walikuwa nao.

Kila asubuhi Cassius anapita katikati ya wagomaji, walinzi wakimufungulia njia. Mwanamke mmoja anamutupia mkebe wa kola kichwani; televizioni inaonyesha ile picha, na watu wanaanza kuuzisha nywele za bandia zenye mkebe. Yeye angali anafikiri kama anatafuta tu feza ya kulipa deni. Hapo Riley ameona vizuri: hakuna siku hata moja Cassius alikata shauri kuwaacha rafiki zake.

Patron wa WorryFree anamualika kwenye karamu, anamupa unga wa kunusa. Usiku ule ule Cassius anagundua kama wafanyakazi wanageuzwa nusu farasi, wapate kuwa na nguvu zaidi. Anakwenda kwenye televizioni, anasema yote. Unafikiri patron anafungwa? Bei ya aksio za sosiete inapanda!

Wazazi, hii si filimu ya watoto wadogo. Kuko matusi na uchi. Ninyi vijana wakubwa, muitazame pamoja na mtu mzima, na musiondoke mbele ya mwisho: Cassius amekwisha kupatana na wenzake, amerudi katika ile garaji, na pua yake inaanza kupanuka.