Watoto wa Visiwani na Vilima vya Kisarawe

Kila mwaka shule zifungwapo mwezi Juni, masika yamekwisha na kipupwe kimeingia, watoto wetu wa Unguja na Pemba huwa hawana la kufanya. Wale ambao wazee wao wana uwezo huvushwa kwenda kwa jamaa zao Dar es Salaam, wakashinda ndani mbele ya televisheni hadi likizo imalizike. Mtoto huvuka bahari na kurudi, naye katika bara yote hakuona ila mitaa ya Kariakoo. Hii ni hasara, na dawa yake iko karibu mno na gati.

Magharibi ya jiji, mpakani mwa Wilaya ya Kisarawe, vimeinuka vilima vya Pugu. Kwa Mluguru hivyo si milima, lakini mtoto wa Unguja aliyezoea Masingini ataviita milima bila ya kusita. Hapo umebaki msitu wa asili wa Pugu-Kazimzumbwi, mmoja wa misitu michache ya pwani iliyosalia. Ndani yake anaishi komba mdogo wa Rondo, mnyama adimu ambaye duniani kote hapatikani ila katika misitu michache ya pwani ya Tanzania. Yapo mapango yaliyochimbwa katika udongo mweupe wa kaolini, ambayo sasa ni makao ya popo. Mto Msimbazi unachimbuka katika vilima hivyo hivyo. Jirani ipo Shule ya Pugu, alikofundisha Mwalimu Nyerere hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili apate nafasi ya kuitumikia TANU.

Kutoka hapo kundi lingeweza kuendelea hadi Ruvu. Reli ya kisasa, iliyoanza kuchukua abiria mwezi Juni 2024, ina vituo Pugu, Soga na Ruvu. Visiwani kwetu hatuna mto mkubwa, na mtoto wetu hujifunza habari za mito kwa kuisoma kitabuni. Ruvu ungemfundisha kwa macho. Unatoka milima ya Uluguru, unapita Kibaha ambako mtambo wa Ruvu Juu huteka maji ya jiji, kisha unamwagika karibu na Bagamoyo, katika bahari ile ile inayotutenga na bara. Mwishoni mwa mwaka 2022 kina chake kilipungua mno, na Dar es Salaam ikagawiwa maji kwa zamu. Mtoto aliyesimama ukingoni na kusimuliwa habari hiyo hatahitaji hotuba juu ya misitu.

Fikira ya kambi si ngeni. Mwaka 1907 Baden-Powell aliwachukua vijana wapatao 20 wa Uingereza, wa matajiri na wa wafanyakazi pamoja, akawapigisha kambi kisiwani Brownsea. Ndiyo iliyozaa skauti. Yeye aliwatoa vijana bara akawapeleka kisiwani. Sisi tungefanya kinyume chake.

Hapana haja ya kujenga hoteli. Nyumba ya wageni ya kawaida, yenye uwanja wa kupigia mahema, yatosha, madhali ina maji safi, vyoo vya kutosha, na malazi ya wasichana mbali na ya wavulana chini ya mwalimu wa kike. Jambo moja lisipuuzwe: malaria imepungua sana Zanzibar, na wagonjwa wengi tunaowaona huwa wametoka safari ya bara. Basi kila mtoto alale ndani ya chandarua, na apimwe damu akirudi na homa.

Faida kubwa, hata hivyo, iwe ya wenyeji. Wapishi wawe akina mama wa vijiji vya Kisarawe, muhogo na matunda yanunuliwe kwa wakulima wao, na waongozaji wa msituni wawe vijana wao. Msitu huu umekatwa miaka mingi kwa ajili ya mkaa na mashamba. Askari wa misitu hawezi kulala chini ya kila mti. Lakini mwanakijiji ambaye karo ya mwanawe hutokana na wageni wanaokuja kuutazama msitu atakuwa mlinzi asiyelipwa mshahara. Wala sisi wa visiwani tusijitoe katika lawama, kwani sehemu ya mkaa unaowaka majikoni mwetu huvushwa kutoka bara.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa elimu wa pande zote mbili za Muungano, pamoja na Wakala wa Huduma za Misitu na Halmashauri ya Kisarawe, wakae pamoja kabla ya likizo ijayo. Wazikague nyumba zinazofaa, wapange kiingilio cha wanafunzi ambacho mtoto wa mvuvi wa Nungwi au Wete atakimudu, kisha waanze na shule chache kwa majaribio. Gharama yake si kubwa. Kikikosekana kiingilio hicho, vilima vya Pugu vitabaki vya wageni wa ng'ambo na watoto wa wenye magari, na mkata mkaa hataona sababu ya kuliweka chini shoka lake.