Wapathani Nje ya Milima Yao

Katika mwaka 1917, Waingereza walipokuwa wakimwandama von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, katika nyika iliyo nyuma ya Kilwa, miongoni mwa vikosi vyao vya Bara Hindi kilikuwamo kikosi cha 40 cha Wapathani, ambacho miaka miwili kabla yake kilikuwa kimepigana Ypres, nchini Ubelgiji. Si wote waliokuwamo walikuwa Wapathani, kwani Wapunjabi Waislamu na Wadogra nao waliandikwa humo; lakini Waafridi na Waorakzai, watu wa milima iliyo karibu na njia ya Khyber, ndio waliokipa kikosi kile jina na sifa yake. Hawakuja kukaa, na mwaka 1918 walirejea Bara Hindi.

Maskani ya asili ya kaumu hii ya Wapathani, ambayo lugha yake ni Kipashto, iko mashariki na kusini mwa Afghanistan na magharibi mwa Pakistan, na mpaka uliochorwa mwaka 1893 umepita katikati ya makabila yao bila idhini yao. Ni nchi ya majabali, yenye mabonde machache ya kulimika. Shamba la baba hugawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hata fungu la mtu lisitoshe kumlisha, na kwa hiyo tangu zama za kale kijana wa Kipathani ametafuta riziki ughaibuni, kwa upanga au kwa biashara ya farasi.

Miongoni mwa waliofanikiwa ni Warohilla, Wapathani ambao katika karne ya 18 walijitwalia nchi yenye rutuba kaskazini mwa Bara Hindi, ikaitwa Rohilkhand kwa ajili yao. Mwaka 1774 Nawabu wa Awadh, akisaidiwa na majeshi ya Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, aliwashinda, na kiongozi wao Hafiz Rahmat Khan akauawa vitani. Lakini Faizullah Khan, Mrohilla mwenziwe, alisalimika na mji wa Rampur, na kizazi chake kikatawala huko hata mwaka 1949. Mji huo una maktaba ya hati za Kiarabu na Kiajemi inayotajwa kwa heshima na maulamaa, na pia, ajabu ya mambo, una sifa ya visu vya kukunja. Wenyewe leo husema Kiurdu. Kipashto kimewatoka vinywani, ila nasaba wanaishika, na atakayewaambia kwamba wao si Wapathani atajibiwa kwa ukali. Kwangu mimi hilo si la kuchekwa, kwani pwani yetu hii ina Washirazi wasiojua neno moja la Kiajemi.

Aliyepata ardhi, basi, alipoteza lugha. Aliyekodisha nguvu za mikono yake aliihifadhi, kwa kuwa kila mara hurudi kwao kuoa na kuzika. Ndivyo walivyo Wapathani wa Karachi, wachimbaji wa mawe, waendeshaji wa mabasi na malori yaliyonakshiwa kwa rangi. Na ndivyo walivyo wale ambao, tangu miaka ya 1970, wamevuka kwenda Dubai na Abu Dhabi kujenga na kuendesha magari. Fedha zao hujenga nyumba za matofali huko Swat na Dir, katika vijiji ambavyo wanaobaki aghalabu ni wake, watoto na wazee.