Ujirani na Ushirikiano: Manufaa ya Kongano kwa Wazalishaji Wadogo wa Kamukunji na Sialkot

Marshall (1890) alieleza kuwa makampuni ya fani moja yanayokaa eneo moja hupata mambo matatu ambayo kampuni iliyojitenga huyakosa: mafundi stadi walio karibu, wauzaji wa malighafi na zana, na ujuzi unaosambaa kutoka karakana moja hadi nyingine. Manufaa hayo hayahitaji mkataba wala chama, kwani huletwa na ujirani wenyewe. Schmitz (1995) aliongeza upande wa pili, yaani ushirikiano wa makusudi, na akauita muungano wa pande hizo mbili ufanisi wa pamoja.

Umuhimu wa tofauti hiyo unajitokeza Kamukunji, jijini Nairobi, ambako mafundi wa jua kali hufua mabati kuwa masanduku, majiko na karai. Anayeanza hahitaji kumiliki kila mashine. Bati hulinunua hapohapo, na kazi ya kulehemu humpa jirani. Mtaji mdogo unamtosha. Hata hivyo, ukaribu huohuo humwadhibu mbunifu. Umbo jipya la jiko likishaonekana sokoni huigwa upesi, hivyo gharama za majaribio anazibeba peke yake ilhali faida inagawanywa na wote, na ushindani unabaki kwenye bei. McCormick (1999), aliyelinganisha makongano sita ya Kenya, Ghana na Afrika Kusini, alionyesha kwamba baadhi yake yanaandaa tu msingi wa viwanda. Kwa msingi huo, kuhesabu karakana zilizo katika eneo moja, kama zifanyavyo tafiti nyingi, ni kipimo dhaifu cha nguvu ya kongano.

Nje ya Afrika, kongano la vifaa vya upasuaji la Sialkot, Pakistan, linaonyesha kile ambacho ujirani pekee haukuweza kukifanya. Mwaka 1994 Marekani ilizuia vifaa hivyo kwa sababu ya ubora. Hakuna karakana ndogo ambayo ingemudu peke yake gharama za kujifunza mifumo mipya ya ukaguzi. Nadvi (1999) anaonyesha kwamba chama cha wazalishaji, kwa msaada wa serikali, ndicho kilichowaleta wataalamu wa kigeni kuwafunza wanachama. Wazalishaji hao walikuwa washindani, na waliendelea kugombania wanunuzi walewale.