Mpweke wa Mponeng

Mgodi wa dhahabu wa Mponeng, magharibi mwa Johannesburg, ni miongoni mwa migodi yenye kina kirefu zaidi duniani. Kilomita 2.8 chini ya ardhi, miamba yake ina nyufa zinazotoa maji yenye joto la nyuzi 60 hivi za Selsiasi. Jua halifiki, oksijeni haipo, na maji yenyewe hayajaonana na uso wa dunia kwa mamilioni ya miaka. Watafiti walichuja lita 5,600 za maji hayo, wakakusanya vinasaba vilivyonaswa kwenye chujio, wakavisoma.

Zaidi ya asilimia 99.9 vilikuwa vya bakteria wa aina moja tu.

Jambo hilo si la kawaida. Vijidudu huishi kwa kutegemeana, taka za huyu zikawa chakula cha yule. Huyu hana hata jirani wa kumkopa. Aliitwa Desulforudis audaxviator, jina la pili likichotwa kwenye riwaya ya Jules Verne kuhusu safari ya kwenda kitovu cha dunia. Jenomu yake ilitangazwa mwaka 2008: herufi takriban milioni 2.35, na jeni 2,157 za kutengenezea protini.

Wakati huo hakuna aliyekuwa amemkuza maabara. Lakini anayeingia jiko lisilo na mwenyewe, akakuta mbuzi na kifumbu, hahitaji kuambiwa kwamba hapo hupikwa kwa tui. Jeni nazo husomwa hivyo. Zilionyesha kiumbe anayetumia hidrojeni na salfeti kupata nishati. Hidrojeni hiyo inatoka wapi? Urani iliyomo miambani hutoa mnururisho, nao huzipasua molekuli za maji. Kwa maneno mengine, bakteria huyu anaishi kwa nguvu za nyuklia.

Jeni nyingine ni za kunasa naitrojeni, za kujipatia kaboni, za kuunda asidi amino zote, za mkia wa kuogelea, hata za kujifungia ndani ya spora mambo yakiwa magumu. Baadhi zinafanana mno na za akea, kundi jingine kabisa la viumbe wa seli moja. Inaelekea mababu zake waliziazima huko.

Kisha akaonekana Siberia. Mwaka 2019 watafiti wa Urusi walieleza jinsi walivyomkuza kutoka kwenye maji ya kina cha kilomita 2, na hapo ndipo mipaka ya kusoma jeni ilipoonekana. Watu walidhani hugawanyika mara moja kwa mamia au maelfu ya miaka. Maabara alijigawa kila baada ya saa 28.5. Tena alidai chuma halisi ndipo akue.

Kioja kikubwa zaidi ni kwamba mabadiliko ya herufi mojamoja kati ya jenomu ya Siberia na ile ya Afrika Kusini hayafiki 800. Pengine spora zake hupeperushwa duniani kote, walisema Warusi, au pengine mageuzi yake ni ya polepole mno. Mwaka 2021 timu nyingine ililinganisha jenomu za seli 126 kutoka Afrika Kusini, Siberia na California, ikaegemea maelezo ya pili: amebadilika kidogo sana tangu bara kuu la Pangea lilipogawanyika, enzi za dinosaria. Timu hiyo inashuku kwamba vimeng'enya vyake vya kunakili vinasaba ni makini kupita kiasi, na vimeng'enya vya aina hiyo vingegombewa katika maabara za upimaji wa magonjwa.