Jinsi kaunti za North Carolina zinavyogawana faida ya pombe

KATIKA jimbo la North Carolina, Marekani, bia na mvinyo huuzwa madukani kama bidhaa nyingine. Lakini anayetaka chupa ya wiski ya kwenda nayo nyumbani kwa kawaida hulazimika kwenda katika duka la umma, na mwenye duka hilo si serikali ya jimbo bali ni bodi ya kaunti au ya mji.

Mfumo huu una historia ndefu. Jimbo hilo lilianza kupiga marufuku pombe mwaka wa 1909, miaka 11 kabla ya marufuku ya Marekani nzima. Marufuku ya taifa ilipoondolewa mwaka wa 1933, viongozi wa jimbo hawakutaka baa zirejee kiholela. Mwaka wa 1935 kaunti chache za mashariki ziliruhusiwa kuamua kwa kura, na Wilson ikafungua duka la kwanza. Sheria ya mwaka wa 1937 ilizipa kaunti zote haki hiyo. Hadi leo, hakuna duka linalofunguliwa bila idhini ya wapiga kura.

Je, fedha hugawanywa vipi? Wa kwanza kulipwa ni serikali ya jimbo, ambayo hutoza ushuru wa asilimia 30. Kisha bodi hulipia bidhaa, mishahara na gharama nyingine za maduka.

Baada ya hapo kaunti au mji hupata kiwango cha chini kilichowekwa na sheria, kitokanacho na nyongeza ya asilimia 3.5 kwenye bei pamoja na tozo ya kila chupa. Kutokana na salio, angalau asilimia 5 ni ya kusimamia sheria za pombe, na angalau asilimia 7 ni ya matibabu ya waraibu, utafiti au elimu kuhusu ulevi.

Kwa hivyo, salio likiwa dola 100,000, polisi hupata angalau dola 5,000 na matibabu dola 7,000. Bodi ikishaweka akiba ya kuendeshea maduka, kinachobakia huingia katika hazina kuu ya kaunti au mji kila baada ya miezi mitatu. Hata hivyo, sheria maalumu za maeneo huweza kuagiza mgao tofauti, kwa mfano kuzipa maktaba au miji iliyo ndani ya kaunti fungu lake.

Hapa ndipo penye utata. Serikali ya mtaa ndiyo muuzaji, na papo hapo ndiyo mlinzi wa afya ya wanywaji. Chupa zikiuzwa kwa wingi, bajeti hunona. Zikipungua, barabara na maktaba huona upungufu. Aidha, fungu la waraibu hutegemea faida, si idadi ya wagonjwa. Bodi isiyopata faida haina cha kuwapa.

Wanaoutetea mfumo huu husema bei ni moja katika jimbo zima, hivyo kaunti haiwezi kushusha bei ili kuwavuta wanywaji wa jirani. Isitoshe, faida ambayo ingeingia mfukoni mwa wafanyabiashara hurudi kwa umma.

Kwetu Kenya, kaunti haziuzi pombe. Katiba ya mwaka wa 2010 ilizikabidhi utoaji wa leseni za vileo, ilhali ushuru wa bidhaa hukusanywa na serikali ya kitaifa. Lakini mtego ni ule ule: kila baa mpya ni ada mpya kwa kaunti. Tofauti ni kwamba North Carolina imetenga kwa sheria sehemu ya mwathiriwa kabla ya hazina kuu kuchukua salio. Asilimia 7 huenda ikaonekana ndogo, lakini imeandikwa, na raia yeyote anaweza kuidai.