Betri ya Kishikwambi: Gundi Ndiyo Kazi

Kishikwambi kikionyesha asilimia 40 kisha kikazima ghafla, na ukikichomeka kwenye chaja kikawaka kikiwa bado kinadai kina asilimia 38, usiilaumu programu. Betri imechoka. Upinzani wake wa ndani umepanda, kwa hiyo kila kioo kinapong'aa zaidi au kamera inapofunguliwa, volti zinaporomoka chini ya kiwango ambacho mashine inakivumilia, nayo inajizima.

Hapa Kamanyola hali hiyo huja mapema kuliko Bukavu, na ukiteremka barabara ya Ngomo utajua kwa nini. Bukavu imekaa kandokando ya Ziwa Kivu, kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi watu huvaa sweta. Ukifika huku kwetu, chini kwenye bonde la Ruzizi, mahali ambapo Kongo, Rwanda na Burundi zinakaribiana, umeshuka karibu mita 500 na sweta imeshaingia mfukoni. Betri za lithiamu haziumii na baridi ya Bukavu. Zinaumia na joto. Apple huwaambia wateja wake wasitumie vifaa vyao mahali panapozidi nyuzi 35 za selisiasi. Kishikwambi kilicholazwa juu ya bati kando ya paneli ya jua ili kichajike kinavuka kiwango hicho siku yoyote ya kawaida. Paneli inahitaji jua. Betri inahitaji kivuli. Nunua waya mrefu, paneli ibaki juu, kishikwambi kikae ndani ya nyumba.

Nataja paneli kwa sababu ndiyo tegemeo la wengi. Kituo cha Ruzizi II, kinachomilikiwa kwa pamoja na nchi hizo tatu, kinafua umeme tangu 1989 kwenye mto huu huu unaopita hapa kwetu, lakini mto kupita karibu na nyumba yako si sawa na waya kufika ndani.

Kabla ya kununua chochote, badilisha waya wa kuchajia, kisha chaja, kisha chungulia tundu la kuchajia kwa tochi. Vumbi la barabarani hushindiliwa humo mpaka linakuwa gumu, na kijiti cha meno cha mbao kikavu kinalitoa. Vishikwambi vingi vinavyohukumiwa kuwa na betri mbovu vinapona hapo. Ambavyo havijapona, vitazame kwa ubavu. Mgongo ukiwa umetuna kwa nje, au kioo kimeanza kuinuka pembeni, betri imevimba: ndani yake kuna gesi. Acha kuichaji leo hii, hata kama kishikwambi bado kinawaka.

Sasa kununua. Betri ya kishikwambi haina gamba gumu kama la betri za redio. Ni tabaka nyembamba za metali na kemikali zilizofungwa ndani ya mfuko wa karatasi ya alumini, laini kama pakiti ya maziwa. Kemikali ya upande wa chanya kwa kawaida ina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, hasa maeneo ya Kolwezi. Inasafiri hadi China, kisha inaturudia ndani ya katoni isiyo na jina la mtengenezaji. Wenye mali tunauziwa bandia. Lakini hayo tuwaachie wanasiasa.

Tuchukue mfano mmoja unaopatikana sana: Samsung Galaxy Tab A ya inchi 10.1 ya mwaka 2016. Betri yake ina namba EB-BT585ABE, na lebo inasema volti 3.8, mAh 7,300, Wh 27.74. Gawa mAh kwa 1,000 upate 7.3, zidisha kwa volti 3.8, utapata 27.74 kamili. Fanya hesabu hiyo kwa kila betri unayopewa dukani. Bandia nyingi zinaandika mAh za kujivunia, halafu Wh hazilingani, kwa sababu aliyechapa lebo hakujua kuwa kuna atakayezidisha. Kipimo cha pili ni uzito. Kwa teknolojia ya betri hizi, kilo moja hubeba Wh 200 hadi 250 hivi, basi betri ya Wh 27 lazima ikaribie au ivuke gramu 110. Mizani ya wanunuzi wa dhahabu, ambayo Kivu Kusini haikosekani, itakujibu kwa sekunde mbili. Ikisoma gramu 60, mrudishie mwenyewe.

Usikubali pia betri iliyokaa dukani hadi ikafa kabisa. Ikipimwa kwa mita na kusoma chini ya volti 2.5, ikatae: betri ikishuka mno, shaba ya ndani huanza kuyeyuka, na siku ikichajiwa shaba hiyo hujijenga upya mahali pasipostahili na kuunganisha chanya na hasi. Kuna mafundi wanaojisifu kuziamsha betri za namna hiyo kwa kuzigusisha na nyaya za chaja nyingine. Zinaamka, ndiyo. Mimi nisingelala chumba kimoja nazo.

Kufungua ndiko kwenye kazi yenyewe, na hapa umeme hauna shida kubwa. Volti nne hazitakurusha. Adui ni gundi, na haraka yako.

Kwanza tumia kishikwambi hadi kibaki chini ya asilimia 25, ili betri ikijeruhiwa isiwe na nguvu ya kuwaka sana. Kizime. Toa kadi ya simu na kadi ya kumbukumbu. Ukisahau, mfuniko utakapovutwa zitavunjikia ndani ya vishikilio vyake, na utakuwa umenunua shida ya pili. Fanya kazi mlangoni au uwani, ndoo ya mchanga ikiwa karibu. Kadi ya zamani ya plastiki ikatwe pembe, ipenyezwe kwenye mshono kati ya mgongo na fremu, itembezwe taratibu kuzunguka. Vibanio vinaachia kimoja kimoja na sauti yake utaisikia. Bisibisi ya chuma usiitumie kupenyeza, wala wembe.

Mgongo ukitoka, kitu cha kwanza ni kiunganishi cha betri: kiinue kwa plastiki kabla ya kugusa skrubu nyingine yoyote. Skrubu zipange juu ya karatasi kwa mpangilio uleule zilivyotoka, maana ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa kioo kwa nyuma.

Betri ikiwa imebandikwa, usiichokonoe. Dondoshea ukingoni spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ngoja dakika chache, kisha pitisha chini yake uzi wa nailoni wa kuvulia samaki na uvute huku na huku kama unakata msumeno. Isipopinda, umeshinda. Ikipinda sana, ikatoboka, au ukasikia harufu tamu ya kemikali, iweke nje mara moja, mwagia mchanga, na watu wasivute moshi wake. Betri iliyovimba haina kujaribu: mpelekee fundi ikiwa ndani ya kishikwambi kilichozimwa.

Vishikwambi vya bei nafuu visivyo na jina mara nyingi havina kiunganishi. Nyaya nyekundu na nyeusi zimechomewa moja kwa moja kwenye ubao. Kata waya mmoja kwanza, uzibe ncha kwa utepe, ndipo ukate wa pili. Mkasi mmoja ukikata zote kwa pamoja unazigusanisha, na hapo utaona cheche.

Betri mpya ikishakaa, chaji hadi ijae mara ya kwanza ukiwa macho, na uguse mgongo kila baada ya robo saa. Uvuguvugu ni kawaida. Ukiondoa mkono kwa joto, chomoa.

Ya zamani usiitupe chooni, wala motoni, wala Ruzizi. Ziba ncha zake kwa utepe, iweke kwenye kopo lenye mchanga mkavu, mbali na watoto. Ng'ambo ya mpaka, Bugesera nchini Rwanda, kampuni ya Enviroserve inapokea taka za kielektroniki. Wafanyabiashara wanaovuka kila siku wangeweza kupatana kukusanya makopo haya kwa pamoja, ila kwanza waulize forodha pande zote mbili.

Ulaya imeshaamua: kuanzia 18 Februari 2027, vifaa vingi vinavyouzwa huko vitalazimika kuwa na betri ambayo mwenye kifaa anaweza kuitoa mwenyewe kwa zana za kawaida. Itachukua miaka kabla vifaa hivyo havijatufikia kama mitumba. Kwa sasa, kishikwambi kinachofunguka mgongoni kifungue mwenyewe. Kinachofunguka kwa kutoa kioo cha mbele, kama iPad, kipandishe Bukavu kwa fundi, kwa sababu kioo kikivunjika utalipa kuliko betri.